Myeyusho wa feri salfeti kugeuka kahawia: asidi itangulie chumvi

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba myeyusho wa feri salfeti (chumvi ya chuma) ulioutayarisha Ijumaa ukiwa kijani hafifu uliukuta Jumatatu umekuwa wa kahawia, na chini ya chupa kuna mashapo kama kutu. Kosa hilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza kazini, na nililigundua asubuhi ya mtihani wa vitendo.

Chumvi yako si mbovu. Oksijeni ya hewani, pamoja na ile iliyomo ndani ya maji, hugeuza feri(II), yaani chuma cha kijani kilichomo katika chumvi hiyo, kuwa feri(III), chuma kilichopoteza elektroni moja zaidi, nayo feri(III) isipokuta asidi ya kutosha hutengana na maji na kutuama. Mimi siku ile niliongeza asidi baada ya kuona ukungu. Mashapo yaliyeyuka, nikafurahi, kumbe feri iliyokwisha kugeuka hairudi kwa asidi, na wanafunzi wakapata vipimo visivyoeleweka.

Siku hizi mimi huchemsha maji yaliyokenekwa ili kufukuza oksijeni, nikayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha nikamimina polepole sm³ 20 za asidi kali ya salfuriki ndani ya sm³ 500 za maji hayo, kamwe si maji ndani ya asidi. Yakishapoa tena ndipo ninapotia chumvi na kujaza hadi lita moja. Kwa titresheni (kupima kiasi cha dutu kwa kudondosha myeyusho mwingine kutoka kwenye bureti, neli yenye vipimo) ninatumia amonia feri salfeti, chumvi nyingine ya feri(II), gramu 39.2 kwa lita ya molari 0.1 (moli 0.1 kwa lita), kwa kuwa huvumilia hewa zaidi. Asidi ya hidrokloriki usiiguse hapo, maana pamanganeti ya potasiamu, ile inayodondoshwa kutoka kwenye bureti, huishambulia kloridi ya asidi hiyo na kipimo cha bureti hupanda bure.

Msumari uliosuguliwa kwa msasa, usiopakwa zinki, ukitumbukizwa chupani huirudisha feri(III) kuwa feri(II). Hata hivyo huongeza chuma ndani ya myeyusho, kwa hiyo unafaa kwa chupa ya majaribio ya kutambua ioni (chembe zenye chaji) tu, si ya titresheni.

Kabla ya kipindi, chukua matone machache ya myeyusho katika neli ya majaribio na utie thayosayaneti ya potasiamu, ambayo huwa nyekundu ikikuta feri(III). Wekundu hafifu unavumilika. Ukiwa mwekundu kama damu, tayarisha mwingine.