Maswali na majibu: Nani hunufaika na maeneo maalumu ya kiuchumi?

Tangu kituo cha uwekezaji cha Tanzania na mamlaka iliyosimamia maeneo ya EPZ, yaani maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, viunganishwe mwaka 2025 na kuwa chombo kimoja, Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi, kinachojulikana kwa kifupi TISEZA, wasomaji wengi wameuliza kuhusu maeneo hayo. Nimekusanya maswali yanayofanana na kuyajibu kwa mfuatano.

Swali: Kila siku napita Mabibo External, kwenye Barabara ya Mandela, na kuona eneo lenye jina la Benjamin William Mkapa. Eneo maalumu la kiuchumi ni nini hasa?

Ni sehemu ya nchi iliyowekewa mipaka, ambamo uzalishaji na biashara huendeshwa kwa masharti tofauti na yale ya nchi nzima, hususan katika kodi, forodha, vibali na upatikanaji wa ardhi. Sheria za jinai hazibadiliki, na mwizi akikamatwa humo hushtakiwa kama aliyekamatwa Manzese.

Jambo linaloeleweka kwa urahisi zaidi ni forodha. Chukua jora la kitambaa cha jinzi lililoingia bandarini Dar es Salaam likielekea kwenye kiwanda cha nguo kilichomo katika eneo hilo. Kontena hufungwa lakiri, husafirishwa hadi Mabibo chini ya usimamizi wa forodha, na mwenye kiwanda halipi ushuru wa kuingiza kitambaa hicho. Kitambaa hukatwa, hushonwa, hutiwa vifungo na zipu, kisha suruali hurudi bandarini na kupakiwa melini kwenda nje. Kisheria ni kana kwamba kitambaa hicho hakikuwahi kuingia nchini, ingawa aliyekishona amepanda daladala kutoka Kimara asubuhi hiyo.

Swali: Kama kodi ndogo na vibali vya haraka ni vitu vizuri, kwa nini serikali isivitoe kwa nchi nzima?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ningependa wabunge walirudie kila mara mswada wa aina hii unapofika mezani.

Sababu ya kwanza ni fedha. Serikali isiyoweza kufikisha umeme wa uhakika, maji, barabara ya lami na mfumo wa majitaka katika kila wilaya inaweza kuvifikisha katika hekta mia chache na kuwaita wenye viwanda waje hapo. Sababu ya pili ni ajira katika mahali ambapo shughuli ya zamani inakufa. Eneo la Shannon nchini Ireland, linalohesabiwa kuwa mwanzo wa maeneo haya kwa sura yake ya kisasa, lilianzishwa mwaka 1959 kwa sababu ndege za kuvuka Atlantiki zilizokuwa zikitua hapo kujaza mafuta zilikuwa zinachukuliwa nafasi na jeti zenye uwezo wa kwenda mbali bila kutua. Wahusika walitafuta kazi nyingine ya kuufanya uwanja ule uendelee kuishi.

Sababu ya tatu ni siasa ya mageuzi, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Serikali inayotaka kubadilisha sheria, lakini ikaogopa upinzani au matokeo yasiyotabirika, huijaribu sheria hiyo mahali padogo kwanza. China ilifungua maeneo manne mwaka 1980, yaani Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen, wakati ambapo mtaji binafsi kutoka nje ulikuwa bado ni jambo la kutiliwa shaka nchini humo. Mwaka 1987 Shenzhen iliuza kwa mnada wa hadhara haki ya kutumia kiwanja, jambo ambalo katiba ya nchi haikuliruhusu. Mwaka uliofuata katiba ilirekebishwa. Watu wengi huisimulia Shenzhen kama hadithi ya msamaha wa kodi na kijiji cha wavuvi, na kusahau kwamba ilipakana na Hong Kong, yenye mitaji, viwanda na wafanyabiashara waliokuwa wakitafuta pa kuhamia. Bagamoyo, ambako eneo la aina hii limepangwa, ina bahari nzuri, lakini haina Hong Kong ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo, nchi inayotoa msamaha wa kodi kwa miaka 10, kama sheria yetu ya EPZ ya mwaka 2002 ilivyofanya kwa kodi ya mapato ya kampuni, bila kujifunza chochote kinachoweza kupelekwa nje ya uzio, imepata ajira kadhaa kwa bei kubwa. Kulingana na ripoti ya mwaka 2019 ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, dunia ilikuwa na maeneo karibu 5,400. Palipo na washindani wengi kiasi hicho, msamaha pekee haumvuti mwekezaji makini, maana ataupata kwingine pia. Anachouliza ni umeme hukatika mara ngapi na kontena hukaa bandarini siku ngapi.

Swali: EPZ na SEZ zina tofauti gani?

EPZ hulenga mauzo ya nje, na kwa utaratibu wetu sehemu kubwa ya bidhaa, angalau asilimia 80, ilitakiwa kuuzwa nje ya nchi. SEZ, yaani eneo maalumu la kiuchumi, iliyopata sheria yake hapa mwaka 2006, ni pana zaidi na inaweza kuhusisha maghala, teknolojia, utalii au bidhaa za soko la ndani.

Swali: Binti yangu anajifunza ushonaji VETA. Nasikia kwenye viwanda hivyo mfanyakazi hana haki. Ni kweli?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiishii getini. Binti yako ana haki ya mkataba, likizo na kujiunga na chama cha wafanyakazi, kwa hiyo asaini mkataba baada ya kuusoma na abaki na nakala.

Hofu yako, hata hivyo, ina msingi. Namibia ilipopitisha sheria yake mwaka 1995, ilikusudia kuyaondoa maeneo hayo kabisa kwenye sheria ya kazi, na vyama vya wafanyakazi vilipopinga, yakafikiwa maafikiano ambayo bado yalizuia migomo kwa miaka mitano. Baadaye kiwanda cha nguo cha Ramatex mjini Windhoek, kilichopewa vivutio vingi, kilifungwa mwaka 2008 na kuwaacha maelfu bila kazi. Cherehani huhamishika upesi. Ndiyo maana ningemshauri ajifunze pia ukataji, upangaji wa mashine na ukaguzi wa ubora, kwa sababu stadi hizo hutafutwa na viwanda vya aina nyingi.

Swali: Shamba la familia yetu mkoani Pwani limeingizwa kwenye mpango wa eneo la viwanda. Tulithaminiwa, lakini hatujalipwa. Tufanye nini?

Sheria ya ardhi inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Chini ya utaratibu wa uthamini uliotokana na sheria ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe huanza kuongezewa riba, na ikipita miaka miwili, uthamini hufanywa upya. Tunzeni fomu za uthamini na picha za mazao na majengo, andikieni halmashauri kwa barua yenye tarehe, kisha muonane na wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Serikali inayomkaribisha mwekezaji kabla ya kumlipa mwenye shamba inaanza mradi na deni.

Swali: Nina duka Kariakoo. Naweza kununua zile jinzi za Mabibo kwa bei ya kiwandani?

Inawezekana, ila kwa masharti. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki inaweka ukomo wa asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka kwa bidhaa za EPZ zinazouzwa ndani ya jumuiya, nazo hulipiwa ushuru kamili kana kwamba zimetoka ng'ambo. Kabla ya kuagiza, mwombe wakala wa forodha akukokotolee ushuru huo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, kisha ulinganishe na bei unayopata kwa wauzaji wa jumla wa Mtaa wa Kongo.