Unataka Kuanzisha Dondoo za Wiki? Nisikize Mimi Niliyeaibika Matatuni

Jumatano usiku niliingia WhatsApp nikakuta ujumbe wa msomaji wa Nakuru. "Kaka, mimi pia nashinda kwa simu. Naona mambo matamu ya mpira, riadha na wasanii, nacheka peke yangu. Nitaanzaje kuyakusanya kama wewe? Na hii kazi inalipa?"

Hilo la mwisho nilijibu papo hapo: inalipa bando, na wiki ikiwa nzuri inabaki ya samaki. Hayo mengine nimeona niyaandike hapa, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza, na kwa sababu Ijumaa iliyopita nimetuma toleo la 100. Nami niruhusiwe kujisifu kidogo. Mia moja si mchezo.

Nilianza nikiwa sina kazi, hapa Kisumu, katika kundi la mashabiki wa timu ya mpira ya Gor Mahia. Kila Ijumaa jioni nilituma vitu kumi nilivyoviona wiki hiyo: bao la ajabu, mwanariadha fulani kasema nini, msanii gani kavaa nini. Watu wakapenda, wakawapitishia wenzao, nikafungua orodha yangu mwenyewe. Yaliyofuata katikati ni kuandika, kutuma na kulala, sina haja ya kuwachosha nayo.

Nitakachosimulia ni ile Jumatatu.

Wiki hiyo nilikuwa nimeweka klipu ya zamani ya fainali ya 1987, ile Gor Mahia walipochukua Kombe la Mandela, la washindi wa vikombe vya Afrika, mbele ya Espérance ya Tunisia. Chini ya klipu mtu alikuwa ameandika kwamba Gor walishinda 2-1 kule Tunis. Nikachukua hivyo hivyo, nikaongeza chumvi yangu: "Usiku huo Tunis walilala bila kula." Nilijiona mwandishi kwelikweli.

Jumatatu asubuhi nimepanda matatu Kondele, redio iko juu. Mtangazaji akasema ana jambo la kuwashangaza wadau. Akaanza. Neno langu la kwanza, la pili, la tatu. Kisha, "Usiku huo Tunis walilala bila kula!" akacheka kana kwamba amelitunga yeye. Jina langu hakulitaja. Stesheni sitaitaja, lakini wanajijua.

Kabla hasira hazijapanda vizuri, mzee mmoja mwenye kofia ya kijani, kiti cha mbele yangu, akapiga paja. "Muongo! 2-1 ya wapi? Tunis ilikuwa 2-2! Tukarudi Nairobi 1-1, kombe tukalipata kwa magoli ya ugenini, sisi mawili, wao moja. Huyu mtoto amezaliwa jana!"

Kondakta akadakia, "Jaduong', labda alikuwa anaota." Gari zima likacheka. Mama mmoja mwenye beseni la omena miguuni akasema hawa wa redio siku hizi hata hawasomi. Nami niliyeandika uongo huo nimekaa katikati yao nikitazama dirishani, nahesabu vibanda vya Kibuye. Ningesema nini? Kwamba nimeibiwa? Nimeibiwa kosa! Ningedai mali yangu, kicheko chote kingenihamia.

Jioni mjomba akapiga simu. Yeye fainali ile aliifuata redioni, na dondoo zangu huzisoma zote. "Mpwa wangu, hiyo 2-1 umeitoa wapi?" Nikamwambia niliiona mahali. Akanyamaza kidogo. "Mahali ni wapi?"

Swali hilo bado linaniuma kuliko wizi wa yule mtangazaji. Na wizi wenyewe haujaacha kuniuma, nisiwadanganye. Kuna wiki nilitaka kutega kosa makusudi ili nimnase tena. Mjomba akaniambia nikifanya hivyo nisimtumie tena dondoo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nakuru, ushauri wangu ni huu: fungua chanzo. Usiishie kwenye maneno ya juu ya picha. Fungua chanzo, soma mpaka mwisho, ndipo uandike.

Nikupe mfano. Tarehe 26 Juni 2025, usiku ule Faith Kipyegon alipokimbia maili moja jijini Paris, makundi yote yalijaa "Rekodi ya dunia!" Alikimbia kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, kasi zaidi kuliko rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64 aliyoiweka Monaco mwaka 2023. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kutuma. Nikafungua chanzo. Kumbe yalikuwa majaribio maalum, waongoza mwendo wakiwemo wanaume, na muda huo haungeweza kuingia kwenye vitabu. Rekodi rasmi ikabaki ile ya Monaco. Nikaandika hivyo, nikatukanwa na watu kumi na wawili, kwamba namwonea wivu dada yetu. Siku tisa baadaye, kule Eugene, Marekani, akakimbia mita 1,500 kwa 3:48.68, na hiyo ikawa rekodi isiyo na mjadala. Siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, Beatrice Chebet akamaliza mita 5,000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Toleo hilo lilipitishwa mkono kwa mkono kuliko mengine yote. Wale kumi na wawili hawakuniomba radhi, lakini wanasoma bado.

Halafu usiweke mpira peke yake. Dada yangu aliniambia wazi kwamba akifika kwenye matokeo anazima simu. Nikaanza kuchanganya. Kwamba Lupita Nyong'o, binti wa gavana wetu, ana jina la Kihispania kwa sababu alizaliwa Mexico, ni jambo ambalo wasomaji wangu wengi walilisikia kwangu mara ya kwanza, ingawa Oscar yake ya 2014 wanaijua wote. Hata hilo nilifungua chanzo.

Vijana wenzangu, niseme ukweli. Tunashinda tukipitisha vitu ambavyo hatujavisoma, halafu tunajiita wabunifu. Intaneti hii hii ndiyo Julius Yego wa Nandi angeitumia kuchekea. Yeye aliingia YouTube akawatazama warusha mkuki kina Jan Železný, akarudia na kurudia, na mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika mchezo wa uwanjani usio wa kukimbia. Intaneti aliyoitumia yeye na tunayoitumia sisi ni ile ile. Tazama mpaka mwisho. Fungua chanzo. Najua nimeshasema.

Ile 2-1 niliisahihisha Ijumaa iliyofuata, mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya salamu. Mjomba alijibu, "Haya." Redioni hawajasahihisha hadi leo.

Basi, omera, andika toleo lako la kwanza, vitu vitano vinatosha. Nitumie kabla ya Ijumaa saa kumi, nami nitampa mjomba alipitie.