Maswali ya Wasomaji: Nani aliyeziangusha kampuni za magari za Marekani?

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu anayeishi Ohio alikuja likizo hapa Tanga, na kila tulipokaa barazani kunywa kahawa, mazungumzo yaliishia kwenye magari. Yeye anashikilia kuwa General Motors, Ford na Chrysler ziliangushwa na chama cha wafanyakazi kwa kudai mishahara minono. Mimi nasema waliozimaliza ni Wajapani kwa magari yao ya bei nafuu. Tuamulie. Na je, ndiyo maana huku kwetu gari la Kimarekani ni nadra kulikuta barabarani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wenu ana sehemu ya ukweli, lakini mimi lawama ya kwanza ningeipeleka kwa wakuu wa kampuni zenyewe waliokaa maofisini Detroit, na shahidi wangu ni kiwanda kimoja kilichokuwa Fremont, California.

General Motors ilikifunga kiwanda hicho mwaka 1982, na sifa zake zilikuwa mbaya kweli. Ilikuwa kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano asionekane kazini, wengine walikunywa pombe zamuni, na inasimuliwa kuwa wenye kinyongo waliacha chupa tupu ndani ya mlango wa gari ili zimgongegonge mnunuzi masikioni. Juu ya yote hayo palikuwa na amri moja isiyovunjwa: mkanda wa kuunganishia magari usisimame. Gari lililokosa boliti, au lililofungwa kifaa kisicho chake, liliachwa lisonge mbele hadi uani, na huko ndiko lilikofumuliwa na kurekebishwa, kwa sababu kilichohesabiwa ni idadi ya magari yaliyotoka.

Mwaka 1984 kiwanda kilifunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kile kile cha UAW, yaani chama cha wafanyakazi wa magari anachokilaumu shemeji yako. Kilichobadilika ni uongozi, ambao sasa ulishikwa na Toyota. Wafanyakazi walipelekwa Japani kwa makundi wakajionee, na waliporudi walikuta kamba imetandazwa juu ya mkanda. Aliyeona kasoro aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa mkanda wote ulisimama. Haukupita muda mrefu, magari ya Fremont yakakaribiana kwa ubora na yale yaliyoundwa Japani kwenyewe, na utoro ukapungua mno. Shemeji yako ana kazi ya kueleza hapo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba General Motors ilikuwa na dawa hiyo nyumbani kwake na haikuinywa. Mameneja waliopelekwa Fremont kujifunza walitawanywa waliporejea, mmoja mmoja, katikati ya wakubwa wasiotaka kusikia habari za Wajapani. Mtindo huo ulipojaribiwa Van Nuys, pia huko California, ulishindwa, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992. Wakati huohuo mwenyekiti wa kampuni, Roger Smith, alimwaga mabilioni ya dola kwenye roboti, ilhali kamba haigharimu kitu. Kinachogharimu ni meneja kukubali kwamba fundi wa chini anaweza kumsimamishia mkanda.

Sikitakasi chama cha wafanyakazi. UAW ilikubaliwa mpango ambao waliopunguzwa kazini waliendelea kulipwa karibu mshahara wao wote, na tangu mkataba wa mwaka 1950 mzigo wa pensheni na bima ya afya ulizidi kuelemea kampuni, kwa kuwa serikali ya Marekani haikuwa na bima ya taifa kama nchi nyingine zenye viwanda. Lakini mikataba hiyo ilitiwa saini na pande mbili, na mkuu wa kampuni aliona heri kuahidi pensheni itakayolipwa na mrithi wake kuliko kukabili mgomo mwaka huo.

Ama Wajapani, mlango walifunguliwa. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 Wamarekani walitafuta magari madogo, na Detroit, yaani kampuni hizo tatu, ilikuwa na Chevrolet Vega iliyosifika kwa kutu, na Ford Pinto ambayo tangi lake liliweza kushika moto likigongwa nyuma. Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliziombea kampuni zake nafasi ya kupumua, Japani ikakubali kutopeleka Marekani zaidi ya magari 1,680,000 kwa mwaka. Wajapani waliutumia mpaka huo kupeleka magari ya bei ya juu zaidi na kujenga viwanda Marekani kwenyewe, kikiwamo cha Honda huko huko Ohio kwa shemeji yako. Detroit nayo iliegemea pikapu na magari makubwa, ambayo yalikuwa na faida nono na, kwa pikapu, kinga ya ushuru wa asilimia 25 kwa zile zinazotoka nje, tangu miaka ya 1960. Mafuta yalipopaa tena mwaka 2008 na mikopo ikakauka, Chrysler iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika Aprili 2009, General Motors ikafuata Juni mosi. Ford iliepuka kwa kuwa ilikwisha kuweka rehani mali zake na kukopa fedha mapema, mwaka 2006.

Kuhusu swali lako la mwisho, sababu ya kwanza ni usukani. Sisi huendesha kushoto kama Wajapani, hivyo gari lililotumika Japani huteremshwa bandarini likiwa tayari kwa barabara zetu, wakati la Kimarekani usukani wake uko upande usiotufaa. Hata kiwanda cha General Motors kilichokuwa Nairobi kilijulikana zaidi kwa malori na mabasi ya Isuzu, na mwaka 2017 Wamarekani waliwauzia Isuzu hisa zao.