Muulize Mwalimu wa Michezo: Kipa wa miaka 12, kambi ya hapa au ya Tabora?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 12, yuko darasa la sita hapa Ujiji, anadaka. Tangu Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, wapande Ligi Kuu mwaka 2023 na baba yake mdogo aanze kumpeleka Uwanja wa Lake Tanganyika, hana wimbo mwingine. Kwa likizo ya Juni nimeletewa habari za kambi mbili. Moja ni ya hapa mjini, siku kumi, anaenda asubuhi anarudi mchana, shilingi 40,000. Nyingine iko Tabora, wiki tatu za kulala hukohuko, shilingi 280,000 bila nauli ya treni. Hao wa Tabora wanasema mawakala kutoka nje watakuja kuangalia watoto, na wameleta fomu ya kusaini. Mtoto analilia Tabora. Baba yake yuko ziwani, kasema niamue mwenyewe. Nifanyeje? Mama wa kipa, Ujiji.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa ulivyoeleza, Tabora mimi nisingempeleka mwaka huu. Na hiyo ya mjini nisingeilipia kabla sijaenda kuiona kwa macho yangu.

Mwanangu wa kwanza naye alikuwa kipa. Nilimlipia kambi moja ya likizo, nikaendelea na shughuli zangu. Siku ya nne akarudi anatembea upande upande. Kumvua bukta, nyonga ya kulia imechubuka na damu imegandia kwenye kitambaa. Ilibidi nilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ndipo nguo iachie ngozi. Kesho yake nikaenda kusimama pembeni ya uwanja. Watoto karibu sitini, mipira mitano. Washambuliaji wamepanga mstari, kila mmoja anapiga shuti, mwanangu anaruka. Nilihesabu mashuti arobaini na matatu kabla hajapewa maji, na katika yote hayo hakuna aliyemwambia neno zaidi ya "Haya, mwingine!" Kocha hakuwa mtu mbaya, mpira alikuwa anaujua. Ila alikuwa anafundisha kufunga, na mwanangu pale alikuwa kama mwamba wa goli.

Kwa hiyo, kabla hujauliza jezi wala cheti, uliza: makipa wanafundishwa na nani, na wako wangapi? Ukijibiwa "makocha wetu wote wanaweza," omba uone zoezi la kuanguka. Kipa mdogo huanza kuanguka akiwa amekaa chini, miguu imenyooka, anadondokea ubavu mikono ikiwa tayari imeshika mpira. Akizoea anapiga magoti, kisha anachuchumaa, mwisho ndipo anasimama. Anatua kwa ubavu wa paja na bega. Akitua kwa kiwiko au kwa tumbo, mwalimu amsimamishe hapohapo. Mwezi wa Juni mvua imeshakatika na viwanja vyetu vimekauka kama sakafu, kwa hiyo wanaojali huwatafutia makipa sehemu ya mchanga au majani. Angalia na mpira wenyewe: kwa umri wake namba 4 inamtosha.

Nakushauri hivi. Nenda kwa hao wa kambi ya mjini ukaangalie mazoezi yao asubuhi, bila kuwaambia unakuja. Simama robo saa tu. Ukiona mipira michache na foleni ndefu, rudi nyumbani na hela yako. Ukiona wako vizuri lakini hawana kocha wa makipa, zungumza nao: mwanao ajiunge na wenzake kwenye mazoezi ya miguu, maana kipa wa siku hizi anacheza kwa miguu kama beki, halafu saa ya kudaka asimamiwe na mtu aliyewahi kudaka. Mji huu una makipa wengi waliostaafu ambao watafurahi kuombwa.

Sasa hao wa Tabora. Kwanza, fomu usisaini. Kambi ya wiki tatu inahitaji ruhusa yako, namba yako ya simu na maelezo ya afya ya mtoto, basi. Karatasi inayosema mtoto ni mchezaji wao, au kwamba wao ndio watakaomsimamia, ni jambo lingine kabisa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Mwanao ndiyo kwanza ameingia kwenye umri huo, na wapo wanaolijua hilo vizuri kuliko sisi wazazi.

Pili, hao mawakala. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wenyewe wamehama kwa jambo lisilohusu mpira. Mtoto wa miaka 12 kutoka Ujiji hana wakala wa kumsubiri Tabora. Akitokea mtu anadai hela ya pasipoti au ya majaribio, mama yangu, huyo ni tapeli.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi: usiku. Nani analala na watoto? Wasichana na wavulana wametengwa vipi? Vyandarua vipo? Tabora kama Kigoma, malaria haina mchezo. Mtoto akipandwa na homa saa nane usiku, nani anampeleka hospitali, na kwa gari gani? Nimewahi kuuliza maswali haya kwenye kambi fulani nikajibiwa "usiwe na wasiwasi, mzee." Nilimchukua mtoto nikaondoka naye.

Halafu mtazame na mwili wake. Kama shule imemchagua UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, akitoka huko apumzike wiki nzima kabla ya kambi yoyote. Mazoezi na mechi kwa wiki, ukijumlisha saa zote, zisizidi umri wake, yaani 12. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa unapotokeza, usimwambie ajikaze. Wanaokua haraka huwapata sana hayo. Mpumzishe, na yakiendelea mpeleke kwa daktari.

Atalia kuhusu Tabora, najua. Mkalishe umwonyeshe hesabu: 280,000 ukitoa 40,000 zinabaki 240,000, na nauli hujagusa. Humo mnunulie glovu zinazomkaa vidoleni, asivae za kaka yake, na mpira namba 4 wa kwake mwenyewe. Jioni aanze lile zoezi la kukaa chini, kwenye mchanga, kumi kulia na kumi kushoto, wewe au baba yake mdogo akimrushia kwa mkono. Ukishaiona hiyo kambi ya mjini niandikie tena, unieleze umehesabu mipira mingapi.