Ngazi ya 1 tena haina maana kwamba hajajifunza

Dada, umeuliza kama mwanao kubaki ngazi ya 1, ile ya chini kabisa, kwenye mtihani wa jimbo mwaka wa pili mfululizo maana yake hajajifunza kitu. Hapana! Ngazi ni pana, mtoto anaweza kupanda sana ndani yake bila kuvuka mstari wa kuingia ngazi ya 2. Majimbo mengi hapa Marekani hutoa pia asilimia ya ukuaji, itafute kwenye ripoti. Ikiwa 60, amewapita kwa kusonga mbele asilimia 60 ya watoto waliokuwa na alama kama zake huko nyuma. Hiyo mimi naiheshimu kuliko ngazi.

Shule wakikushauri ahamie mtihani mbadala, usiitikie haraka. Ule ni wa wenye ulemavu mkubwa kabisa wa akili (sheria ya elimu ya taifa ya 2015 inataka usizidi asilimia 1 ya wanaopimwa jimboni kwa kila somo), na kipimo chake ni kingine, huwezi kulinganisha na alama za zamani.

Kwenye kikao cha IEP (mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu) waulize: mwaka jana alisoma maneno mangapi kwa dakika, sasa mangapi? Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani mapema. Shule inapaswa kumtafuta, hulipi wewe.