Uskoti wa mume wangu na swali la "wewe wa nani?"

Mleta mada umeuliza mfanyakazi mwenzako, aliyezaliwa Kanada na wazazi wa Kanada, anapata wapi haki ya kujiita Mskoti. Mi nimeolewa kwenye familia ya hivyo ngoja niseme nilichokiona.

Mume wangu ni wa ukoo wa MacNeil wa Cape Breton, Nova Scotia, huko huko Kanada, upande wa Iona, walikolowea watu wa Barra, kisiwa cha Uskoti, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Alikuwa na kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, ya tartani ya ukoo, yaani kitambaa cha mirabaraba, na ukutani nembo ya ukoo aliyouziwa mtandaoni. Kumbe kwa sheria ya Uskoti nembo kama ile ni ya mtu mmoja aliyepewa, siyo ya kila mwenye jina. Na huu mtindo wa kila ukoo na tartani yake ulishika kasi baada ya mfalme George IV kwenda Edinburgh 1822, siyo wa kale kama alivyoamini. Iliniuma kumwona alivyonyong'onyea.

Tukaenda Barra, aisee ndege inatua ufukweni mchangani maji yakishakupwa. Bibi mmoja akamuuliza Cò leis thu?, yaani wewe ni wa nani, kama kwetu tu mtoto anavyoulizwa. Mume wangu akajibu, MacNeil. Bibi akabaki anamtazama anasubiri, maana huko MacNeil wamejaa, na zamani wengine walichukua tu jina la chifu bila kuwa damu yake, kwa hiyo jina peke yake halijibu kitu. Anataka mtiririko, fulani wa fulani wa fulani, kwa Kigaeli, lugha yao ya asili, wanauita sloinneadh. Mume wangu alikuwa anajua majina mawili tu, usiku ule ule akampigia mama yake, na mama mkwe akayataja sita bila kusita mpaka aliyepanda meli, alifundishwa na bibi mzaa baba wa mume wangu. Mume wangu alilia, sijawahi kumwona hivyo.

Kwangu mimi haki iko hapo, kwenye watu unaoweza kuwataja na walikotoka. Huyo mwenzako usimbeze, muulize hayo majina. Rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo kule Uskoti zimeanza 1855, nyuma ya hapo ni vitabu vya makanisa na vina mapengo, ila asianzie huko, kama bibi yake bado yupo ampigie leo.