Asijinyime maji

SWALI: Dada, mdogo wangu alianguka toka juu ya mwembe huku Igoma akaumia uti wa mgongo, sasa anajitoa mkojo kwa mpira ila siku ya kwenda soko la samaki mwaloni Kirumba hanywi maji kabisa, anaogopa kulowa. Ni sawa?

JIBU: Poleni sana kaka. Hapana jamani, mkojo ukishakuwa kama chai ya rangi ndo maambukizi na mawe ya kibofu yanapata nafasi. Anywe kidogo kidogo, atoe mkojo kila baada ya masaa 4 mpaka 6, kibofu kisizidi mililita 500, na mikono anawe kwa sabuni kwanza, hata huko mwaloni. Halafu kama uti uliumia usawa wa kifua juu au shingoni, akiumwa kichwa ghafla na jasho usoni hiyo presha imepanda, mkalishe wima, mtoe mkojo hapohapo, isipotulia mbio hospitali ya Bugando.